Orkide za Kingo Mbili

Kwetu Kindu kila anayefundisha sekondari huitwa profesa. Hata mimi, niliyefundisha jografia, niliitwa hivyo. Lakini ukisema Profesa bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yule wa biolojia, mwenye mwavuli. Mvua ikinyesha alilowa kama sisi tusiokuwa nao, kwa sababu mwavuli wake ulikwisha chanika kitambaa zamani, zikabaki mbavu za chuma na mkono uliopinda. Ule mkono ndio alioutaka. Alivutia nao matawi ya miti.

Alitembea akitazama juu. Sokoni alikanyaga mafungu ya ndizi na dagaa za watu, akaomba radhi bila kushusha macho, na akina mama walimtukana kwa upole waliouzoea. Ukimsalimia njiani ungefika mbele hatua kadhaa kabla hajaitikia. Na akishaitikia angekuuliza kama huko utokako umeona kitu kwenye mti. Ukisema umeona, ataka kujua mti gani, tawi la upande gani, jua linapiga saa ngapi. Ukisema hukuona, anakutazama kama mtu aliyepita kwenye jumba linaloungua moto asione moshi.

Alichokuwa akitafuta ni orkide. Si zote, maana msitu wa mkoa wetu wa Maniema una orkide za kila namna. Alitaka jamii moja tu, na hata hiyo haikuwa nzuri. Huota juu ya matawi, haigusi udongo wala hainyonyi mti. Mmea una vifundo vya kijani mfano wa yai la njiwa, vimejipanga kwenye gome. Juu ya kila kifundo husimama jani moja au mawili. Pembeni hutoka kikonyo kilichobapa kama bapa la kisu, na katikati ya ubapa huo vimepangana viua vidogo vya rangi ya damu iliyokauka. Kila kiua kina mdomo unaotikisika hata ukipumua karibu yake. Mtu asiyeambiwa angedhani ni jongoo amekufa juu ya mti.

Vitabu vya Wabelgiji alivyokuwa navyo vilisema kwamba zote za mkoa wetu ni aina moja. Profesa alisema ni mbili. Ya ukingo wa magharibi, yaani ya upande wetu wa Mikelenge kushuka hadi Kibombo na Tunda, ina jani moja juu ya kifundo na mdomo wa ua una vinyweleo. Ya ukingo wa mashariki, kuanzia Alunguli kuelekea Pangi, ina majani mawili na mdomo laini. Mpaka wao ni mto Lualaba. Hayo aliyasema kwa mkuu wa shule, kwa padri, kwa shehe wa mtaa wetu, kwa mafundi wa reli na kwa mtu yeyote aliyekuwa amekaa mahali asipoweza kuondoka haraka.

Neno asilolipenda kabisa ni maua. Mkuu wa shule alipomwoza binti yake, mkewe alimtuma mtu kwa Profesa aombe maua ya kupamba meza, kwa kuwa mji mzima ulijua anaokota maua. Profesa alijibu kwamba yeye hana maua. Ana orkide, na za wakati ule zinanuka. Wakamwona mchoyo. Mkuu akatuma mara ya pili, na safari hii haikuwa ombi. Basi asubuhi ya harusi alizileta, zimechanua vizuri kwenye magome yake, akazipanga mbele ya bibi harusi kwa mikono yake mwenyewe. Jua lilipopanda, harufu ya nyama iliyolala ikaanza kutembea mezani, na nyuma yake wakaja nzi. Si nzi wa jikoni tu, hata wengine wadogo wa msituni tusiowazoea. Wageni walihama upande. Bibi harusi alijifunika pua kwa kitambaa. Profesa yeye alikuwa amepiga magoti kando ya meza na gilasi mkononi, anawatega wale nzi wadogo mmoja mmoja, uso wake umenawiri. Mkuu wa shule hakumsemesha muhula mzima.

Nyumbani kwake ndiko nilikoona ugumu wa jambo hili. Tulikuwa majirani Mikelenge, ua wa miti tu ulitutenga. Mimea ikitoka msituni lazima ikaushwe, na Kindu hakikauki kitu. Hata chumvi hulia maji. Kwa hiyo aliibana mimea katikati ya magazeti, akaikaza kwa mbao na kamba, akaitundika juu ya mbabula, lile jiko la makaa la mkewe. Magazeti yakilowa aliyabadilisha, na moto ukaendelea. Mkewe, Mama Sifa, alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini nilimsikia zaidi ya mara moja akisema kwamba katika nyumba yake majani yanakula moto kabla ya watoto. Profesa alimjibu kwamba sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, inaweza kungoja, orkide haiwezi, itaota ukungu. Naye Mama Sifa akamwambia basi leo wale orkide. Wakaja kuomba moto kwangu, yeye na sufuria yake, mumewe akamfuata nyuma akimweleza habari za ukungu.

Hakuwa mtu mpole, sitaki kumpamba. Aliyeweza kutofautisha vinyweleo vya mdomo wa ua kwa jicho tupu hakuweza kushika majina ya wanafunzi wake. Aliwaita wewe wa dirishani, wewe wa kikohozi. Aliwaangusha mtihani kwa kosa la herufi moja katika jina la Kilatini. Nilipomwambia kwamba watoto hawa hawajala, alisema herufi hailiwi.

Hata hivyo, serikali ilipotuambia tuache majina ya kizungu tuchukue ya mababu, nami nikangoja kuona atakavyogomba, yeye alikwenda akaandikisha jina jipya bila neno. Nikamwuliza. Alisema katika elimu ya mimea jina la kwanza lililotolewa kwa haki ndilo linalobaki, hata kama ni baya, hata kama aliyelitoa alikuwa mjinga. Katika nchi yetu jina la mwisho ndilo linalobaki, mpaka litakapokuja lingine la mwisho. "Muntu anaweza kuishi hivyo," alisema. "Muti hapana. Muti hauna ofisi ya kwenda kuuliza leo unaitwa nani." Akatazama barabarani. Maneno kama hayo yalitosha kumfunga mtu, naye alikuwa ameyasema kwa sauti ya darasani.

Mimi aliniingiza katika kazi yake kwa sababu ya ramani. Alitaka ramani ya Maniema yenye alama mahali pote alipopata mimea yake, duara kwa ile ya jani moja na msalaba kwa ile ya majani mawili. Nilichora mto, reli, njia ya Pangi, vijiji. Yeye akasimama nyuma yangu akilaumu. Duara zote ziliangukia magharibi, misalaba yote mashariki, na katikati mto. Ilipendeza macho, na labda ndiyo sababu nikauliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza mapema. Yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha kwamba mbegu za orkide ni laini kama vumbi, upepo huzibeba. Basi mto utazizuiaje?

Alikasirika. Alichukua ramani yake akaenda, na siku nyingi tulipishana kwenye ua bila salamu. Kisha akaja asubuhi moja kabla hatujaenda kupandisha bendera na kucheza nyimbo za Chama, akasema kama vile tulikuwa hatujaachana:

"Si mbegu, Dada. Njo nzi, ni nzi. Mbegu inavuka, inaota. Lakini nzi wa kule hajui ua la huku. Haliingii. Basi halizai."

Nikamwuliza kama amewaona nzi wenyewe wakilikataa. Alisema bado, ndiyo kazi iliyobaki. Ndivyo alivyokuwa. Kila ulipomfikisha mwisho wa njia, yeye aliona hapo ndipo njia inapoanza, na hasira yake yote ilikuwa kwako wewe uliyemkumbusha urefu wake.

Alipeleka vifurushi kwa watu wa vyuo vikuu, kwa meli na kwa treni, vimefungwa vizuri. Hakikurudi kitu. Hatukujua kama vilifika, kama vilioza kwenye ghala la bandari fulani, au kama kuna mtu alifungua akaona jongoo waliokauka akatupa. Mimi ningeacha. Yeye alipunguza kupeleka, akaongeza kuokota.

Shida yake kubwa ilikuwa magazeti. Yalifika Kindu kwa bahati, yamechelewa, na kila aliyelipata alikuwa na matumizi nalo. Profesa aliyaomba kwa wote. Hakuwa akiyasoma. Kwenye kingo nyeupe za kila ukurasa aliandika mahali mmea ulipotoka: ukingo gani, kijiji gani, mti gani, urefu gani kutoka chini. Karatasi nyingine ya kuandikia hayo hakuwa nayo, hivyo gazeti ndilo lililokuwa kitanda cha mmea na ndilo lililokuwa kumbukumbu yake. Na magazeti ya wakati ule, ukurasa wa mbele na mara nyingi hata wa ndani, yalikuwa na picha ya Rais.

Mimea mibichi hutoa maji. Maji yale yana rangi.

Aliyeliona jambo hilo ni kijana mmoja wa Chama wa mtaa wetu, aliyekuja kuita watu kwenye salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Profesa hakutokea barabarani kufyeka majani pamoja nasi, alikuwa anabadilisha magazeti. Kijana akaingia uani, akakuta kurasa zimeanikwa juani, na juu ya mojawapo uso wa Rais na kofia yake ya chui umelowa doa la kahawia lenye umbo la ua, kuanzia jichoni mpaka kidevuni. Akafunua nyingine. Nayo hivyo hivyo. Akaondoka haraka kuelekea ofisi ya Chama. Mama Sifa aliyesimama pale aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua mambo yameharibika.

Watu wa Chama walimchukua mchana uleule pamoja na mimea yote. Mama Sifa alishinda kwenye mlango wa ofisi ile na sahani ya chakula iliyofunikwa, na mimi nilikwenda kwa mkuu wa shule. Nilidhani bado ana kinyongo cha harusi. Alinisikiliza, akavaa abakosti yake safi, lile koti la kiserikali lisilo na tai, akaenda kusema kwamba mwalimu wake ni mtu wa elimu asiyejua hata leo ni siku gani, achilia mbali kutukana serikali. Sijui alisema nini tena. Siku kadhaa zilipita. Siku hizo Mama Sifa aliyapika majani ya sombe kwenye mbabula iliyokuwa wazi, hakuna kilichotundikwa juu yake, na aliniambia hapendi kuitazama.

Profesa aliachiwa. Alirudi amekonda, mguu mmoja anauburuta, na alichofanyiwa hakukieleza hata siku moja. Kesho yake wakamrudishia mimea. Hawakuwa watu wabaya, alisema yule aliyeileta, serikali haina haja na majani. Ilikuwa ndani ya magunia mawili ya mihogo. Wameitoa mmoja mmoja kutoka katika magazeti, kwa heshima ya picha, na magazeti wameyachoma moto ili yasiendelee kuchafuliwa.

Nilimkuta Profesa ameketi chini barazani, magunia mbele yake. Alitia mkono, akatoa mmea mmoja, akaugeuza, akatazama mgongo wake kana kwamba huko kungekuwa na maandishi.

"Huu ulitoka wapi?" aliniuliza.

Nilisema sijui. Nilimkumbusha ile ramani. Alisema ramani inajua mahali, haijui mmea. Mmea usiokuwa na mahali ni kuni.

Ndipo nikasema jambo ambalo nililiona ni la kumfariji. Nikamwambia kwamba kama kweli ni aina mbili, hakupotea kitu kikubwa. Azitenganishe kwa macho. Jani moja na vinyweleo, magharibi. Majani mawili na mdomo laini, mashariki. Angalau atajua kila mmoja ni wa ukingo upi.

Aliuangalia tena mmea uliokuwa mkononi. Kisha akamwomba Mama Sifa mkeka, akaanza.

Mwanzoni alikwenda haraka, na niliona damu inamrudia usoni. Huku, kule, huku, huku. Kisha akashika mmoja akasita. Ulikuwa na majani mawili, lakini mdomo wa ua, alipoulowesha kwa mate na kuufunua kwa kucha, ulikuwa na vinyweleo. Aliuweka katikati ya mkeka. Baadaye akaweka mwingine juu yake. Mwingine ulikuwa na jani moja na kovu dogo, ambalo labda lilikuwa jani la pili lililodondoka na labda halikuwa kitu. Mama Sifa alileta chai ikapoa. Lile fungu la tatu la katikati ya mkeka likakua, likawa kubwa kuliko moja ya yale mengine.

Nilisema labda yale magunia yameivunja mimea.

"Magunia hayaotishi vinyweleo," akasema.

Jua lilipoingia barazani alichanganya mafungu yote matatu, akayarudisha katika magunia, akayafunga. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani: yule kijana, yule Rais wa kwenye karatasi, au huyu mzee mkaidi aliyengoja mpaka apokonywe ushahidi ndipo aupime.

Kwa muda mrefu baada ya hapo alitembea akitazama chini. Akina mama wa sokoni walisema amepata adabu. Alisalimia watu kwa wakati. Alijifunza hata majina ya wanafunzi kadhaa. Ilikuwa vigumu kumtazama. Kisha msimu mmoja wa mvua nikamwona anavuka barabara na ule mwavuli, anachechemea, macho juu, na mwendesha baiskeli anamkwepa huku akipiga kelele. Nilimwambia mume wangu kwamba jirani amepona.

Tulihamia Kibombo baada ya hapo, mume wangu alipopewa kazi stesheni ya huko. Nilizaa, nikaacha kufundisha, habari za Profesa zikawa za kusikia. Alistaafu, au shule ilimstaafisha. Mama Sifa alifariki. Nilituma rambirambi kupitia mtu wa treni.

Nilimwona tena Profesa siku za mwisho mwisho za Chama, watu walipoanza kunong'ona mambo waziwazi. Shangazi yangu alikuwa amekufa Alunguli, nikavuka kwenda matangani. Wakati wa kurudi nilimkuta kwenye kivuko, amekaa juu ya gogo, akingoja mtumbwi. Alikuwa amezeeka vibaya. Miguu imevimba. Magotini alishika kipande cha gome chenye mmea mbichi.

Alinitambua. Alinipa pole ya shangazi, nami nikampa ya Mama Sifa ana kwa ana. Alisema amekuwa akiishi huku kwa binti yake, na amekwenda kusini, kijiji kwa kijiji, kadiri miguu ilivyoruhusu. Kisha akaninyooshea gome.

"Angalia, Mama. Hesabu majani."

Kifundo cha zamani kilikuwa na jani moja. Kifundo kipya kilichotoka ubavuni mwake kilikuwa na mawili. Mmea uleule.

"Njo aina moja," alisema. "Moja tu. Ukingo huu, ukingo ule, hakuna tofauti, njo kukua tu."

Nikasema basi vitabu vilikuwa na haki.

"Vilikuwa na haki bila kwenda kuangalia," alisema, na ile hasira ya zamani ikasimama machoni pake. "Wao wanasema moja kwa sababu hawakuangalia. Mimi nasema moja kwa sababu niliangalia maisha yangu yote. Na maneno yenyewe ni yaleyale. Muntu akiyasikia atajuaje tofauti?"

Mwenye mtumbwi alifika, akatuita. Profesa hakuinuka. Alisema pia kwamba hakuna aliyepata kusikia kwamba yeye alisema ni mbili, nje ya Kindu, kwa hiyo hakuna wa kumwambia kwamba alikosea. Mtu akikosea mbele za watu anaweza kuomba radhi. Yeye hana pa kuomba.

"Nimechoka kujua kitu peke yangu," alisema.

Mwenye mtumbwi akaita tena. Nilimwashiria aende na wengine.

"Nieleze mimi," nikasema. "Kuanzia mwanzo."

"Wewe ni wa jografia."

"Nieleze hivyohivyo."

Nikakaa kando yake juu ya gogo, nikachukua lile gome, nikagusa ua nikasema nadhani huu ndio mdomo. Alinipiga taratibu kidoleni, kama mwalimu anavyompiga mwanafunzi.

"Hapana. Usirukie ua, Mama. Kila muntu anarukia ua. Anza na kifundo."